Jiwe Jeusi, Mshipa Mweupe na Swali la Mizani

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili bajeti, ardhi, ajira za vijana na mwenendo wa vyama vyetu vya siasa. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kazi inayonilisha, yaani jiokemia, elimu ya kemia ya mawe. Nina sababu moja tu ya kufanya hivyo: mawe yameanza kuingia katika mikataba ya aina mpya. Zamani yaliingia kwa dhahabu, almasi na makaa. Sasa yanaingia kwa uwezo wake wa kumeza hewa ukaa na kuigeuza kuwa jiwe. Biashara hiyo itakapobisha hodi kwa nguvu, watakaotia saini wamo miongoni mwenu, watakaoitetea au kuipinga wamo miongoni mwenu, na wanafunzi watakaoulizwa na wazee wa vijijini kwao kuna nini nao wamo. Ni vyema tulijue jambo lenyewe kabla ya kulipigia makofi au kulizomea.

Tuanzie pale linapoanzia, chini ya bahari.

Sakafu ya bahari kuu, ukiondoa matope yaliyotuama juu yake kwa mamilioni ya miaka, ni jiwe jeusi liitwalo basalti. Jiwe hilo ni zaha iliyotoka katika nyufa za dunia ikapoa ndani ya maji. Zaha inayopoa ghafla hupasuka, na viputo vya gesi huacha matundu ndani yake. Maji ya bahari hupenya katika nyufa na matundu hayo, hupashwa joto kidogo na jiwe, na huanza kuliyeyusha polepole. Kalisi hutoka kwenye jiwe na kuingia katika maji; ikikutana na kaboni iliyomo majini, huzaliwa madini ya kaboneti, hasa yale yaitwayo kalsaiti na aragoniti. Matokeo yake ni mishipa myeupe inayolikatiza jiwe jeusi, mingine myembamba kama uzi, mingine minene kama kidole.

Mtu wa pwani hahitaji maabara ili aielewe kemia hii. Mafundi wa Kilwa, Gedi na Mji Mkongwe wa Zanzibar walichoma matumbawe wakapata chokaa. Moto uliifukuza hewa ukaa kutoka katika matumbawe. Chokaa ilipopakwa ukutani ilianza kuirudisha hewa hiyo kidogo kidogo kutoka angani, na kadiri miaka ilivyopita ukuta ukarudi kuwa jiwe. Kuta zile ambazo leo tunawaonesha watalii zimebeba ndani yake hewa iliyopumuliwa na waliozijenga. Basalti ya chini ya bahari hufanya kazi ya namna hiyo, ila yenyewe haina fundi, na subira yake ni ya mamilioni ya miaka.

Tumeyajua haya kwa kutoboa. Mwaka 1968 meli ya Marekani iitwayo Glomar Challenger ilianza kuzunguka bahari za dunia ikichimba sakafu na kutoa nguzo ndefu za matope na mawe, na mwaka 1972 ilifika pia upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Ilirithiwa na meli ya JOIDES Resolution, iliyofanya kazi hiyo tangu 1985 hadi 2024. Katika miradi hiyo kulikuwa na desturi moja ambayo naomba msomaji aiweke akilini, kwa maana nitairudia. Kila nguzo ya jiwe iliyotolewa hupasuliwa kwa urefu ikawa nusu mbili. Nusu moja hukatwakatwa na kugawiwa watafiti. Nusu ya pili huhifadhiwa kama kumbukumbu, ili miaka thelathini baadaye mtu asiyekubaliana na matokeo aweze kwenda kuitazama mwenyewe. Maghala ya mawe hayo yapo Bremen nchini Ujerumani, College Station katika jimbo la Texas, na Kochi nchini Japani.

Sasa, mshipa mweupe unasemaje? Na unasema kwa lugha gani?

Lugha yake ni isotopu. Atomu zote za kaboni zina protoni sita, lakini hazina uzito mmoja. Takribani asilimia 98.9 ya kaboni iliyo duniani ina uzito wa 12, na asilimia 1.1 hivi ina nyutroni moja ya ziada, hivyo uzito wake ni 13. Ni kama mapacha waliovaa kanzu za aina moja, mmoja amebeba kifurushi mgongoni. Katika mambo mengi hutawatofautisha, lakini wakipanda mlima, mwenye kifurushi atabaki nyuma. Oksijeni nayo ina ndugu wazito na wepesi: wengi wana uzito wa 16, na wachache mno, takribani wawili katika kila elfu, wana uzito wa 18. Mashine iitwayo spektromita ya masi huwatenganisha ndugu hao na kuwahesabu.

Mwanakemia wa Marekani Harold Urey, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934 kwa kugundua haidrojeni nzito, alionesha katika andiko lake la 1947 kwamba mgawanyo wa ndugu hawa hubadilika kwa joto. Kaboneti ikizaliwa katika maji baridi huchukua oksijeni nzito zaidi; ikizaliwa katika maji ya moto huchukua pungufu. Tofauti ni ndogo, kama sehemu moja ya elfu kwa kila nyuzi joto nne au tano, lakini inapimika. Ukijua maji yenyewe yalikuwaje, kipande cha mshipa mweupe chenye ukubwa wa punje ya mchele kinakwambia kilizaliwa katika joto la kiasi gani, hata kama kilizaliwa kabla ya kuwapo mwanadamu.

Kaboni nayo husimulia asili yake. Kaboni iliyoyeyuka katika maji ya bahari ina alama iliyo karibu na sifuri katika kipimo tunachokitumia. Ile inayotoka tumboni mwa dunia pamoja na magma ina upungufu wa sehemu kama tano katika elfu. Ile iliyotokana na mimea na viumbe vilivyooza ina upungufu mkubwa zaidi, mara nyingi sehemu 25 hivi katika elfu. Kwa hiyo mshipa ukipimwa, tunajua kama kaboni yake ilitoka baharini, ilitoka kwenye volkeno, au ilitoka katika mabaki ya uhai.

Shahidi wa tatu ni strontiamu, ambayo hujificha ndani ya kaboneti badala ya kalisi. Uwiano wa isotopu zake mbili, 87 kwa 86, ni karibu 0.7092 katika bahari ya leo, na karibu 0.703 katika basalti mpya. Mshipa uliozaliwa katika maji yaliyopita haraka hubeba alama ya bahari. Uliozaliwa katika maji yaliyokaa sana na jiwe hubeba alama inayoelekea kwenye jiwe. Na kwa kuwa alama ya bahari imebadilika katika enzi mbalimbali, mshipa uliobeba alama safi ya bahari unaweza hata kutusaidia kukisia umri wake.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ni ushahidi wa kimahakama. Shahidi mmoja anataja joto, mwingine anataja asili, wa tatu anataja njia na wakati. Wakikubaliana, kesi imekamilika.

Mashahidi hao wametuambia mambo mawili makubwa juu ya sakafu ya bahari. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya kaboni iliyomo katika mishipa hiyo ilitoka katika maji ya bahari, nayo bahari hupokea hewa ukaa kutoka angani. Kwa maneno mengine, jiwe jeusi ni sehemu ya mfumo unaoizuia dunia isigeuke tanuri. La pili ni kwamba mfumo huo umewahi kufanya kazi kwa kasi zaidi. Utafiti wa Kathryn Gillis na Laurence Coogan wa Chuo Kikuu cha Victoria nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kwamba sakafu ya bahari iliyozaliwa katika enzi za mwisho za dinosau, wakati maji ya vilindi yalipokuwa ya vuguvugu, ina kaboneti mara kadhaa zaidi kuliko ile iliyozaliwa katika mamilioni ya miaka ya karibuni. Dunia ilipopata joto, jiwe liliongeza bidii.

Hapa ndipo baadhi ya watu hukimbilia kufurahi. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi mwerevu: ikiwa jiwe huongeza bidii dunia inapopata joto, kwa nini tuhangaike? Jibu limo katika hesabu. Makadirio ya hewa ukaa inayofungwa na sakafu ya bahari kwa njia hii ni kati ya makumi ya mamilioni na mamia machache ya mamilioni ya tani kwa mwaka. Wanadamu, kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi, hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kwa mwaka. Hata tukichukua kadirio la juu, jiwe linafunga takribani tani moja katika kila mia tunazozitoa. Isitoshe, mishipa ya ukoko wa bahari huendelea kujazwa kwa mamilioni ya miaka. Jiwe litamaliza kazi yake, hapana shaka. Ila litaimaliza wakati lugha hii ninayoiandika itakuwa imesahaulika.

Ndipo mwanadamu akajiuliza: je, inawezekana kuliharakisha jiwe?

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Iceland, kisiwa ambacho chenyewe ni kipande cha sakafu ya bahari kilichoinuka juu ya maji. Katika mwaka 2012, mradi uitwao CarbFix uliyeyusha zaidi ya tani 200 za hewa ukaa ndani ya maji na kuyasukuma katika basalti karibu na kituo cha umeme wa jotoardhi cha Hellisheiði, kati ya mita 400 na 800 chini ya ardhi. Juni 2016, timu iliyoongozwa na Juerg Matter ilitangaza katika jarida la Science kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa hiyo ilikuwa imegeuka kaboneti katika muda usiofika miaka miwili.

Walijuaje? Hawakushuka chini wakaona. Walijua kwa isotopu. Hewa ukaa waliyoisukuma waliitia alama kwa kaboni yenye uzito wa 14, ile ya mionzi, ambayo karibu haimo kabisa katika gesi ya volkeno. Kisha wakayapima maji katika kisima cha mbele. Alama nyingine walizozitia zilifika, lakini kaboni 14 ilifika pungufu sana. Iliyopungua ilikuwa imebaki njiani, ikiwa jiwe. Bila alama ile, dai lao lingebaki kuwa tangazo la biashara.

Jibu la pili lilitoka Wallula, katika jimbo la Washington nchini Marekani. Mwaka 2013 takribani tani 1,000 za hewa ukaa zilisukumwa katika basalti ya kale, na baada ya miaka kama miwili watafiti walitoboa na kuvitoa vipande vya jiwe. Walikuta ndani ya matundu yake vinundu vya kaboneti. Swali likawa hili: je, kaboneti hii ni mpya, au ilikuwapo tangu enzi? Basalti ile ilikuwa na kaboneti yake ya asili, na kwa macho mtu angeweza kubishana hadi jioni. Isotopu za kaboni zilimaliza ubishi. Vinundu vilikuwa na alama ya hewa iliyosukumwa, tofauti na kaboneti ya asili ya mwamba ule.

Msomaji na asimame hapa. Kila jiwe la volkeno lililokaa na maji lina mishipa yake myeupe ya kale. Mtu asiye mwaminifu anaweza kuchimba, akatoa kipande kilichojaa mishipa, akakiweka mezani mbele ya waziri na kusema: tazameni, hewa ukaa yenu imekuwa jiwe, tulipeni. Na waziri hatakuwa na namna ya kumkanusha kwa macho. Kinachotenganisha mshipa wa miaka milioni na mshipa wa mwaka jana ni vipimo tu, na vipimo vina mwenyewe.

Sisemi haya kama hadithi ya mbali. Bonde la Ufa limejaa mawe ya volkeno, na nchini Kenya tayari wapo wanaotaka kunasa hewa ukaa kutoka angani na kuizika katika mawe hayo. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii husika angalau asilimia 40 ya mapato, na miradi isiyo ya ardhini asilimia 25. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini hadi sasa mazungumzo yetu mengi yamehusu misitu, na msitu una huruma kwa mpimaji: mti unaonekana, unazungukwa kwa utepe, unahesabiwa hata na mwanakijiji aliyefundishwa kwa wiki moja. Kaboni iliyozikwa nusu kilomita chini ya ardhi haizungukwi kwa utepe. Asilimia 40 ni nzuri, lakini ni asilimia 40 ya tani ngapi? Na tani hizo zimehesabiwa na nani?

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika warsha ambamo mtaalamu wa kampuni moja ya nje alieleza, kwa picha za kuvutia, jinsi mawe ya ukanda wetu yanavyoweza kuihifadhi hewa ukaa ya dunia. Kemia aliyoieleza ilikuwa sahihi, sina ugomvi nayo. Zamu ya maswali ilipofika nilimwuliza atakayepima ni nani. Akajibu kwa upole kwamba sampuli zitapelekwa katika maabara ya mshirika wao ughaibuni, nasi tutaletewa ripoti. Nikamwuliza kama ripoti hiyo itakuwa na takwimu ghafi, namba zenyewe za isotopu kama zilivyotoka katika mashine. Akasema hilo litategemea masharti ya usiri wa kibiashara. Nikamwuliza swali la tatu, kwamba nusu ya jiwe itabaki wapi. Hilo hakulielewa, na mwenyekiti akatangaza muda wa chai.

Nilikunywa chai ile nikimfikiria marehemu baba yangu. Alikuwa mkulima wa korosho, na watu wa Mtwara na Lindi wanalijua neno kangomba vizuri kuliko profesa yeyote wa uchumi. Mnunuzi huja msimu wa njaa na kopo lake. Hapimi kwa mizani. Hupima kwa kopo, na kopo huwa kubwa kila mwaka. Baba hakuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba anaibiwa, na alijua hata kwa kiasi gani. Lakini hakuwa na mizani, na mtu asiye na mizani hata akijua ukweli hana pa kuupeleka. Tangu utotoni nilielewa kwamba bei hujadiliwa na watu wawili, lakini uzito husemwa na mmoja, yule mwenye kipimo.

Katika isotopu jambo hili liko wazi kupita kiasi. Kila alama ya kaboni inayopimwa popote duniani hulinganishwa na kipimo kimoja ambacho chimbuko lake ni kisukuku cha mnyama wa baharini kutoka mwamba wa Pee Dee, South Carolina, nchini Marekani. Kisukuku chenyewe kilikwisha zamani kwa kupimwa, na nafasi yake imechukuliwa na vipimo mbadala vinavyosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huko Vienna. Silalamikii hilo; dunia lazima iwe na kilo moja, na lazima ianzie mahali. Na Tanzania na Kenya ni wanachama wa shirika hilo, hivyo kipimo ni chetu pia. Tatizo ni kwamba kuwa na haki ya kipimo si sawa na kuwa na mashine ya kukitumia. Wanafunzi wangu hufunga vipande vya mawe katika vifuko, huvituma ng'ambo, na husubiri kwa miezi. Majibu hurudi yakiwa namba mbili au tatu katika barua pepe. Mwanafunzi hujifunza kuisoma namba. Hajifunzi kuitilia shaka, kwa sababu hakuwapo ilipozaliwa.

Tazameni mfano ulio karibu nasi. Mei 2018 ardhi ilianza kutetemeka katika kisiwa cha Mayotte, kile ambacho Ufaransa inakitawala na Komoro inakidai. Mwaka mmoja baadaye, wanasayansi wa Ufaransa wakiwa katika meli ya Marion Dufresne waligundua volkeno mpya chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa, ikiwa imeinuka kwa zaidi ya mita 800 kutoka sakafuni. Baadaye ikapewa jina la Fani Maoré. Ni tukio kubwa la volkeno la chini ya bahari, limetokea katika maji ambayo majahazi yetu yameyapita kwa karne nyingi, na lile jiwe jeusi ndilo litakaloanza kesho kuota mishipa yake myeupe. Waliokuwa na meli ndio waliokwenda, na waliokwenda ndio walioandika. Siwalaumu walioandika. Ninauliza tu sisi tulikuwa wapi.

Mwenzangu mmoja wa idara ya uchumi, ambaye hunisoma kabla ya ninyi, ananipinga hapa kwa hoja nzito. Anasema spektromita ya masi ni ghali, inahitaji umeme usiokatika, gesi safi, vipuri na mafundi. Na kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina sababu ya kuhesabu nyutroni. Anasema pia kwamba soko la kaboni lina wakaguzi wa kimataifa, na kazi hiyo tuwaachie.

Hoja ya gharama ninaiheshimu, lakini haifiki anakoipeleka. Hakuna anayetaka kila chuo kiwe na mashine hiyo. Maabara moja iliyo imara, inayotumiwa na nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki na kulipiwa kwa tozo ya miradi hiyohiyo ya kaboni, ingetosha kuanzia. Mashine hiyo haingesubiri mawe tu. Ingepima chanzo cha maji ya visima vyetu, ingefichua asali iliyochanganywa sukari, ingewasaidia wahifadhi kujua pembe ya ndovu imetoka mbuga gani. Ama hoja ya wakaguzi wa kimataifa, mkaguzi anayelipwa na anayekaguliwa tumeshamwona katika mambo mengine, na hatukuhitaji isotopu kumtambua.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji mashine yoyote, nalo ni maji. Njia ya Iceland ya kuiyeyusha hewa ukaa kabla ya kuisukuma hutumia takribani tani 25 za maji kwa kila tani moja ya hewa ukaa. Iceland ina mvua na theluji. Bonde la Ufa lina wafugaji wanaotembea na ng'ombe wao siku nzima kutafuta bwawa. Watafiti wamejaribu kutumia maji ya bahari badala ya maji baridi, na hilo linaeleweka kwa nchi yenye basalti ufukweni; lakini sehemu kubwa ya Bonde letu iko mbali na bahari. Anayekuja na mradi aeleze, kabla ya jambo lolote, maji yatatoka wapi, ni ya nani, na yatarejeshwa kwa kiasi gani.

Sipingi kuzika hewa ukaa katika mawe. Nimeitumia nusu ya umri wangu kuyasoma mawe hayo, na ningefurahi kuona yakiwaokoa watu. Ninachokipinga ni kopo la kangomba kurudi likiwa limevaa koti la maabara. Kwa hiyo ninayo maombi matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Kwa watumishi wa umma watakaoandika kanuni na mikataba: wekeni kifungu cha nusu ya jiwe. Kila nguzo itakayotolewa katika ardhi yetu ipasuliwe mara mbili kama wafanyavyo wachimbaji wa bahari kuu, na nusu moja ibaki nchini, katika ghala la umma, yenye namba na tarehe. Pimeni pia mishipa ya kale kabla tone la kwanza halijasukumwa, kwa maana bila kuijua alama ya jana hamtaitambua ya kesho. Na takwimu ghafi za isotopu zisiwe siri ya biashara. Bei inaweza kuwa siri, uzito hauwezi.

Kwa wanaharakati: msiishie kuuliza jamii itapata asilimia ngapi. Ulizeni asilimia hiyo ni ya nini, na ni nani aliyekihesabu. Na msikubali hewa iliyozikwa hapa iwe kibali cha tani nyingine kuchomwa kwingine, kwa sababu sakafu ya bahari yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, inafunga sehemu ndogo tu ya tunachokitoa.

Kwa wanafunzi: somo hili ni gumu, na ajira zake hazitangazwi magazetini. Hata hivyo kuna siku mkataba utawekwa mezani ukiwa na jedwali la namba zenye alama ya kutoa mbele yake, na ukumbi mzima utamtazama mtu mmoja ili aseme kama namba hizo ni za kweli. Ninafundisha kila Jumanne saa mbili asubuhi. Viti vya mbele viko wazi.